Julai Umatengoni: kahawa, ngoro na kusubiri malipo

Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari na picha nilizorudi nazo Julai 2025 kutoka Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Rafiki yangu wa kazini ni Mmatengo. Kila msimu wa kuchuma kahawa huomba likizo akawasaidie wazazi, na safari hii nikamwambia tuongozane. Kwao ni kijiji kilicho juu ya Litembo. Jina lake naliacha kwa makusudi, maana watu walinieleza habari za magoma, yaani kuuza kahawa kwa mtu binafsi kabla haijavunwa, bila kuficha, na magoma ni kosa.

Alhamisi: Dar es Salaam – Songea

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Songea ni karibu kilomita 950, hivyo hesabu siku nzima na kipande cha usiku. Nauli nililipa 60,000. Yapo ya bei ya chini, ila kwa safari ndefu namna hii miguu yako itakushukuru ukiongeza kidogo. Hadi Mikumi sina la kusimulia, nililala.

Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu walitufuata hadi madirishani, na wasafiri wa kushuka Iringa wakanunua kana kwamba kwao havioti. Kisha Kitonga tukakwama. Lori la mbao lilikuwa limezima kwenye kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na foleni ikashuka mpaka chini. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Mama niliyekaa naye kiti kimoja, mfanyabiashara wa Njombe, alifungua hotipoti ya viazi vitamu akaanza kugawa bila kuuliza nani ni nani. Aliponiangalia nilivyovaa akacheka: "Mwanangu, unakwenda Njombe mwezi wa saba na fulana?" Akatoa kitenge kwenye mkoba. Nilimrudishia aliposhuka, akakataa, akasema nitamletea siku nikipita.

Makambako basi linaiacha barabara ya Mbeya na kukata kushoto. Kuanzia hapo baridi si ya utani. Njombe tulifika giza limeingia, wauza parachichi bado wamejipanga na ndoo zao, nami nikanunua nne kwa 2,000. Songea tuliingia karibu na saa saba usiku.

Kwa atakayefuata: beba koti na soksi nzito kama unasafiri kati ya Juni na Agosti. Ukifika Songea usiku, patana bei na mwenye bajaji kabla mzigo haujaingia.

Ijumaa: Songea – Mbinga

Asubuhi tulipita Makumbusho ya Majimaji, kwa kuwa sikutaka kusema nimefika Songea bila kuingia. Kuna kumbukumbu ya mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Nenda mwenyewe, usiharakishe.

Songea hadi Mbinga ni kama kilomita mia moja, lami mwanzo mwisho. Kosta ilitutoza 7,000 kila mmoja. Rafiki yangu anakumbuka enzi ambazo njia hii ilikuwa ya kulala porini wakati wa masika. Sasa kinachochosha ni malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka. Yanafuatana, yamefunikwa turubai, na kila ukikutana nalo dereva anapunguza mwendo na abiria wanavuta madirisha. Kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akitoka kutafuta kibarua huko huko kwenye makaa. Baba yake ana kahawa, alisema, "lakini makaa wanalipa mwisho wa mwezi." Wakati huo sikuyatilia maanani maneno yake, nikayaandika tu kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi.

Mbinga mji ni mdogo, msafi, umezungukwa na milima. Gesti 25,000 ikiwa na maji ya moto kwenye ndoo. Kifungua kinywa kilikuwa chai ya rangi na chapati. Nilipouliza kahawa, dada wa mapokezi akaniletea pakiti ya kahawa ya unga wa kuchanganya, iliyotengenezwa nchi ya mbali, wakati kiwanda cha kukoboa kahawa kiko mji huo huo. Chapati zilikuwa nzuri.

Jumamosi: Mbinga – Litembo – kijijini

Kwetu lami iliishia hapo. Kwenda Litembo kuna Probox zinazopakia watu hadi kwenye buti, na kuna bodaboda. Tulichukua bodaboda mbili, 15,000 kila moja, nauli ya kiangazi. Masika huongezeka au dereva anakataa kabisa. Vumbi ni jekundu, limesagika kuwa unga, na kwenye mteremko pikipiki inateleza hata bila tope. Dereva wangu aliniambia maneno mawili tu njia nzima: "Egemea mlima." Nikaegemea.

Litembo ina hospitali ya misheni ambayo watu huifuata kutoka mbali. Mahali pale panapotokea daktari, nyumba za kupanga na mama lishe hutokea zenyewe. Tukala wali maharage kwa 2,500. Baada ya Litembo njia inapanda tena, na kuna daraja la magogo ambalo abiria hushuka akavuka kwa miguu. Gogo moja lilikuwa jipya, bado na magamba. Wanakijiji wameliweka wenyewe, kwa sababu msimu wa kutoa kahawa haungojei zamu ya greda.

Wazazi wa rafiki yangu walitupokea uani. "Shikamoo baba, shikamoo mama." "Marahaba, karibuni wanangu, mmechoka." Maji ya kuoga yalikuwa tayari jikoni. Chakula kilikuwa ugali, maharage, likolo (mboga za majani) na nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ikakauka pembeni. Umatengoni nguruwe ni akiba ya ada na sikukuu.

Jioni ile ile nikaona mashine ya kumenya ikifanya kazi. Ni ya mkono. Baba anamimina kahawa mbivu juu, kijana anazungusha, maganda mekundu yanatokea nyuma na buni zinatelezea kwenye ndoo ya mbele, zimefunikwa utelezi. Kabla ya hapo mama na wajukuu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakichambua, mbivu huku, mbichi na zilizokauka kule. Buni huachwa zichachuke usiku kucha au zaidi, huoshwa kwa maji safi, zile zinazoelea huondolewa, kisha zinaanikwa kwenye vichanja kama wiki mbili, zikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa usiku umande unapoanguka. Kilo tano hivi za kahawa mbivu zitakupa kilo moja ya kahawa kavu, bado ikiwa na ganda lake la ndani. Baba alichukua buni moja kichanjani akaing'ata, akatikisa kichwa: "Bado siku nne."

Jumapili: misa, matangazo na redio

Kanisani misa ilikuwa ndefu, na baada ya baraka hakuna aliyetoka. Nilifikiri kuna jambo. Kumbe matangazo ndiyo gazeti la kijiji. Mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, utakuwa Jumatano. Bwana shamba atapita na pikipiki yake kuonyesha namna ya kukata mashina. Nguruwe wa fulani amepotea. Wanaotaka kuunganishiwa umeme waandike majina kwa mtendaji.

Kuhusu umeme: nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini, zimefika kitovu cha kijiji, na ada ya kuunganishiwa vijijini ni 27,000. Kinachowashinda wengi ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba, ambako fundi anataka fedha mara kadhaa ya hiyo. Na mashine ya kusaga unga bado inanguruma kwa dizeli, kwa kuwa umeme uliofika ni wa njia moja na mota ya mashine inataka wa njia tatu. Mwenye mashine alinieleza hilo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza kwa kila mgeni.

Mchana tulimtembelea mzee mmoja ambaye redio haizimwi nyumbani kwake. Anafuatilia Bunge. Aliniambia bila kutazama karatasi kwamba bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa bilioni 294 mwaka 2021/22, na mwaka 2024/25 ikazidi trilioni 1.2. Halafu akaanza kuhesabu vilivyomfikia yeye. Mbolea ya ruzuku ndiyo ya kwanza, na aliitaja kwa heshima. Mwaka 2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulikuwa umepita 130,000 madukani. Ruzuku ilipoanza msimu wa 2022/23 akaununua kwa 70,000. Cha pili, bwana shamba sasa ana pikipiki, zile zilizogawiwa nchi nzima mwaka 2022. "Zamani alikuwa anakuja siku ya sherehe." Cha tatu alisita kukitaja, akasema tuache hapo.

Nikamuuliza shida ya mbolea ya ruzuku. Akasema ipo moja: lazima uende na fedha taslimu mwezi wa kumi na moja, na fedha ya kahawa mwezi wa kumi na moja mara nyingine haijafika.

Jumatatu: siku ya mizani

Tulitoka na gunia mbili za kahawa iliyokauka, baba moja kwenye baiskeli, sisi nyingine kwa zamu. Ghala la AMCOS ni jengo la bati lenye mlango wa chuma. Ndani kuna mizani ya kidijitali, kipima unyevu kidogo cha mezani, karani na kitabu cha stakabadhi. Foleni ilikuwa ndefu lakini ya masihara, kila mtu anamtania mwenzake kuhusu uzito wa gunia lake.

Mbele yetu alikuwa bibi mmoja na kiroba chake. Karani alichota buni, akazimwaga kwenye kipima unyevu, namba ikasoma 13.4. Kikomo ni 12. "Bibi, ukaanike tena." Bibi hakubisha. Alikaa juu ya kiroba, akavua kandambili, akaanza kusugua kisigino. Kwake ni ng'ambo ya bonde, kama mwendo wa saa moja na nusu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa amekuja na mzigo wa mtu mwingine akakichukua kiroba, akakifunga nyuma, akamwambia, "Panda bibi, utanilipa kwa ndizi." Hakutaka fedha yangu nilipomfuata.

Gunia zetu zilipita. Karani akaandika stakabadhi, baba akaikunja mara tatu akaiweka kwenye mfuko wa shati. Hakuna fedha iliyobadilisha mikono, na hapo ndipo nilipomwomba karani anieleze njia ambayo kahawa ile itapita.

Alinieleza kwa kuhesabu vidole. Ghala linangoja kahawa itimie lori. Lori linashuka Mbinga, kiwandani, ambako kahawa inakobolewa, inapangwa madaraja na kuchukuliwa sampuli. Sampuli zinaonjwa. Kisha inaingia kwenye orodha ya mnada. Mnunuzi akishinda analipa. Fedha inapita chama kikuu cha ushirika, inakatwa, inashuka AMCOS, inakatwa tena mkopo wa pembejeo kwa aliyechukua, ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 nao unatolewa na mnunuzi, ndipo inaingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Benki iko Mbinga. Nauli ya kwenda kuifuata ni ile niliyolipa mimi Jumamosi, kwenda na kurudi. Kwa wengi wakala wa simu anasaidia, kwa ada yake.

Bei yenyewe mwaka huu hakuna aliyeilalamikia. Februari 2025 arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, juu kuliko ilivyowahi kuwa, baada ya ukame kuipiga Brazil. Vijana pale ghalani walikuwa wakifuatilia bei kwenye simu, mmoja akanionyesha mchoro wake unaopanda na kushuka. Lakini mchoro ule ni wa leo, na kahawa ya baba itauzwa kwa bei ya siku ya mnada.

Wakati wa kurudi jirani alijiunga nasi njiani, mwanamume wa makamo, mikono mitupu. Hakuwa na gunia la kupeleka, ingawa miche yake ni mingi kuliko ya baba. Ndipo nikasikia ya magoma kutoka kwa mwenyewe. Januari mtoto wake alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada hakuna, elimu ni bila malipo, lakini sare, godoro, ndoo, madaftari na nauli vinanunuliwa. Akamwendea mwenye fedha, akachukua 150,000, akaahidi kilo 50 za kahawa kavu. Hesabu unaiona: 3,000 kwa kilo, ilhali msimu uliopita chama kililipa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Machi mke akaugua, akachukua tena. Sasa kahawa inaiva shambani ikiwa na mwenyewe, na inachukuliwa usiku kwa sababu kuipeleka kwa mtu binafsi ni marufuku tangu serikali ilipoamuru mwaka 2018 kwamba kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika.

Nilimuuliza kama hakumchukia yule mwenye fedha. Akanishangaa. "Alinifungulia mlango saa tatu usiku. Chama mlango wake unafunguliwa na nani Januari?"

Maofisa huja kuhutubia kwamba magoma ni wizi. Ni kweli mkulima anaibiwa, na sheria iko upande sahihi. Ila kuhutubia hakujaza pengo la miezi kati ya shule kufunguliwa na mnada kulipa, na yeyote anayetaka kulimaliza jambo hili aanzie hapo kwenye kalenda, polisi waje baadaye. Chama kikuu cha zamani kiliwahi kutoa pembejeo kwa mkopo, kikaanguka miaka ya 1990 kikiwa na madeni, wakati soko huria lilipoingiza wanunuzi binafsi. Wazee wanaikumbuka ile njaa ya fedha, ndiyo maana neno "mkopo wa ushirika" likitajwa mkutanoni watu wazima huinamisha vichwa.

Jumanne: ngoro

Siku hii nilikuwa wa mama. Alinipeleka shamba la maharage lililo kwenye mteremko mkali kiasi kwamba nilishika majani kupanda, yeye akiwa mbele na jembe begani akiendelea kuzungumza.

Picha za ngoro niliwahi kuziona, hazisemi ukweli. Ukisimama juu unaona mlima mzima umechimbwa mashimo yenye upana wa mita moja na nusu hivi, yamepangwa safu kwa safu, na kati yake kuna kuta za udongo ambako mazao huota. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake na udongo wake. Wamatengo wamelima hivi kwa zaidi ya karne, kwenye milima ambayo kwingine ingekuwa imebaki mawe.

Mama alinionyesha namna linavyotengenezwa kwa kutumia vijiti. Mwanzoni mwa mwaka wanaume wanafyeka nyasi ndefu, wanaziacha zikauke, kisha wanazilaza kwa miraba juu ya mteremko. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi pande zote. Nyasi zinaoza chini ya udongo, zinakuwa mbolea, na maharage yanapandwa juu yake. Mahindi hufuata mvua zikianza tena. "Wanaume wakishalaza nyasi, wamemaliza," alisema, akacheka, kisha akanyoosha mgongo kwa mikono miwili. Shamba lile lilikuwa na mashimo ambayo sikuweza kuyahesabu, na yote yamechimbwa na yeye na mkwe wake.

Mkwe hayataki tena. Yeye analima matuta ya kawaida kwenye kipande chake, haraka, na chini ya kipande hicho kuna mfereji mwekundu ambao mvua za mwaka huu zimeuchimba. Mama aliupita bila kusema neno. Mimi naona wote wawili wana haki: udongo unahitaji ngoro, na mgongo wa mwanamke mmoja hautoshi. Kazi hii ingegawanywa upya kati ya wanaume na wanawake, tungezungumza mengine.

Bondeni kuna mgogoro wa kimya. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ndani ya mita hizo hizo ndiko kuliko bustani za kiangazi, kabichi na nyanya zinazowapa kina mama fedha ya chumvi na sabuni wakati kahawa iko njiani. Juu kidogo mtu amepanda milingoti (mikaratusi), inayokunywa maji kuliko kabichi, na hiyo hakuna anayeigusa kwa kuwa ni ya mtu mkubwa. Maji ya kunywa ni ya mserereko, yanashuka kwa bomba kutoka kwenye chemchemi, kila kaya inachangia 1,000 kwa mwezi, na kamati ina mwenyekiti mkali. Yalikuwa yanatoka siku zote nilizokuwepo.

Jumatano nilichuma kahawa kutwa na vidole vikawa vyeusi. La kueleza ni bwana shamba tu. Alitukuta kwenye miche ya zamani ya baba, akageuza jani moja, chini yake unga wa rangi ya machungwa. Hiyo ni kutu ya majani. Tunda la mche wa karibu yake lilikuwa na doa jeusi lililozama, ugonjwa wa chulebuni. Dawa zipo lakini zinagharimu kila msimu. Pembeni kulikuwa na mistari miwili ya miche chotara kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ambayo ina kituo Ugano, wilayani humo humo. Aina hizo zinazovumilia magonjwa yote mawili zilianza kutolewa mwaka 2005. Majani yake yalikuwa safi. Kwa nini basi miaka ishirini baadaye baba ana mistari miwili tu? "Niking'oa mche wa zamani, nitakula nini mpaka huu uzae?" Bwana shamba akakubali kwa kichwa. Wamekubaliana mistari miwili kila mwaka.

Alhamisi na Ijumaa: Mbamba Bay, kisha nyumbani

Tuliaga kwa vurugu za mayai, maharage na jogoo aliyefungwa miguu ambaye ilibidi tumkatae kwa adabu nyingi. Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, sasa ni lami, na kushuka kwake kunakupasua masikio: unaacha baridi juu, saa moja na nusu baadaye uko pwani ya Ziwa Nyasa umevua koti. Samaki wa kukaanga na ugali 6,000. Mama mmoja alikuwa akipakia viroba vya usipa (dagaa wa ziwa hilo) kwenye kosta ya kupanda Mbinga. Aliniambia zamani masika usipa wake ulikuwa unaoza njiani lori likiwa limekwama, na sasa anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na akirudi anabeba maharage ya Wamatengo. Nilimuuliza bei anayonunulia, akanikodolea macho, akaniuliza na mimi ni mchuuzi.

Kurudi Dar kulikuwa basi, usingizi na mgongo.

Gharama na mambo ya kujua

Nauli ya kwenda na kurudi, gesti, chakula cha njiani na bodaboda vilinigharimu chini kidogo ya 300,000, bila zawadi. Kijijini sikulipa kitu. Peleka sukari, mafuta ya kula na sabuni, na madaftari kama kuna watoto. Beba fedha taslimu za noti ndogo kutoka Mbinga. Kahawa usinunue kwa mtu uani hata akikusihi, utamtia matatani yeye kabla yako. Nunua iliyokwisha kukaangwa mjini. Kuchuma kunaanza kama Mei au Juni na kuendelea mpaka Septemba, kwa hiyo Julai unakuta kila kitu kinaendelea. Piga picha za watu baada ya kuomba, na ghalani muombe karani kwanza.

Rafiki yangu amenipigia juzi. Bibi wa kiroba alirudi siku ya tatu, kipimo kikasoma 11.8, akapokelewa. Kahawa ya baba imeshuka Mbinga lakini haijaingia mnadani. Na kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa kanisani, chenye kisanduku cha kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kimepitisha jambo ambalo mama ndiye aliyelileta: kila mwanachama ataacha sehemu ya malipo ya kahawa kisandukuni, isigawanywe Desemba na hisa nyingine, ikopeshwe Januari kwa wenye watoto wa shule kwa riba ya asilimia 5. Wanaume wameomba kuingia. Wamejibiwa wataruhusiwa wakilipa hisa za mwaka mzima kwa mkupuo, na jirani yetu asiye na gunia amekwisha lipa nusu.

Nimealikwa kwenye kikao cha Desemba. Desemba njia ile ni tope na daraja ni magogo, kwa hiyo nimeomba wanitumie taarifa kwa simu, nami nitapanda tena Julai.